Jina Lililotupwa Ndani ya Wimbo

Kahindo aliusikia wimbo wake barabarani kwa mara ya kwanza akiwa amekaa nyuma ya pikipiki, asubuhi ya Ijumaa, akielekea kazini. Furaha yake haikufika hata mwisho wa barabara ya Ndosho.

Ulikuwa unatoka kwenye bafle, spika kubwa ya muuza sandali. Kwanza gitaa la Gauthier, kisha sauti yake mwenyewe, pana na kavu, kama alivyoizoea anapowaita watoto waje kula. Bendi yao, Wapangaji, ilikuwa imeimba kwenye harusi za watu na katika nyua za parokia, na hakuna hata siku moja ambayo mtu alipiga wimbo wao bila kuombwa. Alimgonga dereva begani.

"Simama kidogo, papa. Ule ni wimbo wangu."

"Wako? Wewe njo ule mama wa 'Kufuli'?" Dereva aligeuka mzima mzima, pikipiki ikiwa bado inatembea. "Iko kali, mama! Tangu nimeamka niko naisikia kila fasi."

"Kufuli" ulikuwa wimbo wa mama aliyechelewa kodi. Alikwenda kuteka maji, na aliporudi akakuta mwenye nyumba amemfungia mlango, maharagwe yake yamebaki ndani, juu ya moto. Kahindo aliutunga peke yake, na hakulazimika kubuni. Chungu kilikuwa chake, na mlango ulikuwa wa chumba alichopanga zamani kule Majengo.

Kwenye bafle, sauti yake ikafika kwenye kiitikio. *Ufunguo uko mfukoni mwa nani? Nani kanifungia, chungu changu kinaungua?* Hapo gitaa likafunguka na wimbo ukaingia seben, ile sehemu ya kucheza, ambapo maneno husogea kando yakaipisha miguu. Na juu ya gitaa, kwa shangwe ya mtu aliyepata mtoto wa kiume baada ya wasichana wanane, Carlos mpiga ngoma akapaza sauti:

"Papa Paulin! Papa Paulin wa Ndosho, mwenye nyumba! Weee!"

Kahindo alishika chuma cha kiti kwa mikono yote miwili. Papa Paulin alikuwa mwenye nyumba wake. Si wa zamani. Wa sasa.

"Geuza," akamwambia dereva.

"Na kazi?"

"Kazi itaningoja. Geuza."

Alimkuta Carlos kwenye karakana yake, akichomelea geti la mtu. Kahindo hakumsalimu.

"Carlos, umetupa libanga."

Carlos akainua miwani yake myeusi. "Libanga gani?"

"Papa Paulin. Ndani ya 'Kufuli'."

Uso wa Carlos ukang'aa. "Ah, umesikia? Ilitoka muzuri, eh?"

Libanga ni jina la mtu linalorushwa katikati ya wimbo: tajiri, mkubwa wa serikali, mfadhili, yeyote anayependa kusikia anaitwa huku watu wakicheza. Wapangaji walikuwa wameapa tangu mwanzo kwamba nyimbo zao hazitabeba jina la mtu. Anayetaka jina, atunge wimbo wake. Lakini Carlos alikulia katika bendi za harusi kule Butembo, na kule, mtu akikushika mkono asubuhi, jioni seben ikifunguka unamrudishia jina lake. Ni adabu, kama kusema asante. Na siku ya kurekodi, umeme wa mtaa ulipokatika, Papa Paulin ndiye aliyewavutia waya kutoka kwenye jenereta ya nyumbani kwake.

"Alitupatia courant, Mama Olive," Carlos akasema, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Ningemunyamazia? Mimi si mutu wa hivyo."

"Mustari unaotangulia unausikia?"

"Mustari gani? Mimi niko kwa ngoma. Maneno ni yako."

"Uimbe."

Carlos akaanza kuimba, akitikisa kichwa, mkono mmoja ukipiga paja. *Ufunguo uko mfukoni mwa nani? Nani kanifungia, chungu changu kina...* Mkono ukasimama.

"Aï."

"Ndiyo. Aï."

"Lakini Gauthier alisikiliza yote mbele ya kutuma!"

"Gauthier alisikiliza gitaa lake. Katika hii bendi kila mutu anajisikiliza mwenyewe."

Hata yeye alikuwemo katika hesabu hiyo. Jana ndiye aliyewaambia wautume tu, wasimngoje ausikilize, kwa sababu alijua alivyoimba na alijipenda. Hakulisema hilo. Alichukua simu akampigia Gauthier, akamwambia aufute popote alipouweka na autoe tena bila jina. Gauthier alilalamika kwamba wimbo ulikuwa unakwenda vizuri. Kahindo akamuuliza kama chumba chake kina nafasi ya mama na watoto wawili. Baada ya muda mfupi ujumbe ukaingia: umefutwa, mpya huu hapa.

"Bon, imeisha," akasema Carlos.

"Haijaisha. Kituku wanausikilizia wapi? Kwa Nshobole. Panda."

Nshobole alikuwa na kibanda karibu na mitumbwi ya Kituku, bandari ndogo ya ziwani. Alichaji simu za watu na kuwajazia nyimbo kwenye kadi zao. Wavuvi, wauza samaki wa sambaza, madereva wa pikipiki, wote walichukua nyimbo kwake, na wimbo uliotoka kwa Nshobole asubuhi ulikuwa unapigwa mji mzima saa ya chakula. Kila bendi changa ya Goma ilimwomba amsaidie kuusukuma wimbo wake. Hakuna hata moja iliyowahi kumwomba aurudishe.

"Kurudisha?" Nshobole alicheka mpaka akashika meza. "Mama, yangu nitafuta sasa hivi, uone. Lakini ya batu nitaifuta na nini? Iko njiani Idjwi. Iko Minova. Mi mwenyewe nimejaza kadi mpaka vidole vinauma."

"Basi chukua huu mpya. Akija mutu, mupe huu."

Nshobole akauweka kwenye bafle. Mvuvi mmoja aliyekuwa anangoja simu yake akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Seben ilipofunguka bila ukelele, akainua uso.

"Hii wameikata. Rudisha ile ya Papa Paulin. Bila yeye haina chumvi."

"Unamujua Papa Paulin?" Kahindo akamuuliza.

"Nani asimujue? Ule mubaya wa kuunguzia batu maharagwe."

"Umemwona wapi?"

"Kumwona, sijamwona. Lakini ni mubaya."

Mtumbwi mmoja ulikuwa unasukumwa majini. Wanawake waliokuwa wanasafisha samaki ufukweni wakauliza kwa wimbo ufunguo uko mfukoni mwa nani, na wanaume kutoka mtumbwini wakajibu pamoja, bila kukosea hata nukta: "Papa Paulin!" Walikwisha kujifunza mahali pa kupiga kelele. Kahindo alitamani kulia na alitamani kucheza. Wimbo wake ulikuwa unavuka ziwa, na yeye alikuwa ufukweni anautafutia jiwe la kuuzamisha.

Simu ikalia. Alikuwa Léocadie, mpangaji wa chumba cha pembeni, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mama Olive, uko wapi? Kuja mbio. Papa Paulin amekaa mbele ya mulango yako. Na kufuli mupya mukononi."

Njia nzima Kahindo alimhimiza dereva. Carlos alikuwa amebanwa nyuma yake. Walipita juu ya mawe meusi yaliyowarusha kama mahindi kwenye sufuria. Kahindo alikuwa anawaza vitu kwa mpangilio, kama kawaida yake. Magodoro. Sare za shule. Diploma yake iliyo chini ya kitanda. Kwa nani watalala. Mara moja katika maisha yake aliwahi kutazama mlango wake mwenyewe kutoka nje, akinusa chakula chake kinavyoungua, na alikuwa ameapa kwamba haitatokea tena. Sasa ilikuwa inatokea, na yeye ndiye aliyeiandikia muziki.

Langoni kulikuwa na watu. Si wachache. Wengine walikuwa wameshika simu juu, tayari. Papa Paulin alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wa Kahindo, kofia magotini, kufuli ndani ya kofia. Ujana wake wote aliumaliza kwenye malori ya maharagwe na viazi, na uzee wake aliujenga katika vyumba hivi vya mbao. Mjukuu wake alikuwa amesimama nyuma yake kwa sare ya shule, macho mekundu.

"Jambo, Papa."

"Jambo ya wapi? Nilikufungia mulango siku gani?"

"Hata siku moja, Papa."

"Sema kwa nguvu, batu wasikie."

"Hata siku moja!"

"Ulichelewa kodi mwezi wa mvua. Nilisema nini?"

"Ulisema nikipata nitaleta."

"Na huyu mutoto," akaonyesha nyuma bila kugeuka, "ametoka masomo analia. Wenzake wanamuuliza babu yake anaunguzaga maharagwe ya nani. Mimi! Mimi niliyewavutia courant!"

"Njo sababu, Papa," Carlos akajitokeza nyuma ya Kahindo. "Ilikuwa asante. Imeangukia fasi mubaya."

"Asante!" Papa Paulin akasimama. Kufuli lilikuwa jipya kweli, bado lina karatasi ya duka. "Basi nimewaza hivi. Muji mzima unasema nafungaga batu. Sawa. Wacha nifunge, wasiwe waongo."

Léocadie akaweka mkono mdomoni. Kahindo akasogea mbele.

"Funga, Papa."

"Nini?"

"Funga. Simu hizo hapo juu zinakungoja. Ukifunga leo, wimbo unakuwa wako kweli. Mimi nitalala kwa Léocadie, lakini wewe utalala ndani ya wimbo, na humo hakuna mutu anahama."

Mtu mmoja langoni akacheka, akakatiza kicheko chake. Papa Paulin alitazama kufuli, akatazama simu.

"Basi utaniimbia mwingine. Wa sifa. Useme Paulin ni mutu muzuri."

"Nikikusifu leo, batu watasema umenishika koo."

"Watasema!" akasema Léocadie, na wengine wakaitikia kwamba ni kweli, watasema.

"Sasa nifanye nini, Mama Olive?" Sauti ya mzee ilikuwa imeshuka. "Nikifunga, mimi ni yeye. Nikiacha, mimi ni yeye. Kanisani nitakaa wapi Jumapili?"

Hapo Kahindo akaona kwamba alikosea kumwogopa. Mzee hakukitaka chumba. Alitaka jina lake, na jina lilikuwa limekwenda na mitumbwi.

Alikuwa bado anatafuta la kujibu pale wasichana wawili wa jirani, waliochoka na maneno ya wakubwa, walipoanza kuimba huku wakirukaruka: *Ufunguo uko mfukoni mwa nani?* Na umati, bila ubaya, kama mtu anavyojibu amina, ukajibu:

"Papa Paulin!"

"Si yeye!"

Ilimtoka Kahindo kabla hajafikiri, kwa ile sauti pana ya kuita watoto. Watu wakageuka. Akarudia kiitikio yeye mwenyewe, polepole, akiwatazama usoni. *Nani kanifungia, chungu changu kinaungua?*

"Papa Paulin!" wakajibu, safari hii wakijua wanachokozwa.

"Si yeye!"

Carlos hakuhitaji kuambiwa. Alinyakua kidumu cha maji cha Léocadie, akakigeuza, akaanza kupiga. Akawapa seben ya kidumu tupu, na uwanja ukawaka. Kahindo aliuliza, wao wakataja, yeye akakanusha. Kisha wakagawanyika wenyewe, walio langoni wakimtaja mzee na walio ndani wakimtetea. Léocadie akapiga "Si yeye!" kwa nguvu hata kilemba chake kikaanguka. Mjukuu alianza kwa midomo tu. Baadaye sauti yake ndiyo ikawa juu kuliko zote, ikimtetea babu yake kwa hasira, kwa mapigo sahihi kabisa. Simu zilirekodi yote. Kahindo aliyaona hayo huku akiimba, na akajua kwamba kabla ya jua kuzama Nshobole atakuwa na wimbo mwingine, na kwamba jina ambalo bendi yake iliapa kutolitupa lilikuwa limetupwa sasa mara nyingi kuliko la tajiri yeyote.

Papa Paulin alisimama katikati, kofia mkononi. Hakucheza. Lakini kufuli alilitia mfukoni, na mguu wake mmoja ulikuwa unafanya jambo dogo ambalo alidhani hakuna anayeliona.

Wimbo ulipopungua, alimsogelea Kahindo.

"Ingia ndani upike," akasema. "Batoto wako watarudi na njaa."

"Asante, Papa."

"Lakini ule wa kweli. Ule aliyekufungia kule Majengo." Alikuwa ameinua sauti tena, kwa ajili ya langoni. "Anaitwa nani?"

Wote wakangoja. Simu hazikushuka. Carlos naye, kwa mazoea yake, alishikilia mpigo chini kabisa kwenye kidumu, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango apite. Jina lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Kahindo, jina la kwanza na la ukoo, lilikuwa limekaa hapo tangu siku ya maharagwe. Alimtazama mjukuu wa Papa Paulin, ambaye alikuwa anapangusa pua kwa mkono wa sare yake.

"Zima ngoma, Carlos," akasema, akaingia ndani kuwasha moto.