Chai ya Mke Mwenzangu

Mume wangu ni mwalimu wa historia, na mimi ndiye humpigia chapa masomo yake. Jumamosi asubuhi, mezani jikoni, alinisomea somo jipya: jinsi mataifa mbalimbali yanavyowakumbuka wafu wao majira ya majani kupukutika. Watu wa Polandi huwasha mishumaa makaburini. Wakorea huwaandalia mababu meza ya vyakula. Wameksiko humwekea marehemu kile hasa alichokipenda.

Hapo akainua macho ukutani, kwenye picha ya marehemu mkewe. Roho ikaniuma.

"Yeye ungemwekea nini?" nikamchokoza.

Hata hakufikiri. "Chai ya tangawizi, sukari vijiko viwili."

"Na hao wafu wa wenzetu hukaa siku ngapi?"

"Moja, mbili. Kisha huenda zao."

"Wana bahati! Wa humu ndani ana mwaka wa sita hajaaga. Angekuwa hai ningemnunia akakoma. Huyu nikimnunia, ananichekea tu ukutani."

"Mama, unamwonea wivu maiti? Hebu ngoja nikupoze roho."

Akainuka, akachemsha chai mwenyewe, akaniletea kwa mikono miwili kama mkwe aliyekuja kuposa. Nikaonja. Tangawizi tele, sukari vijiko viwili.

Tangu anioe, sijawahi kutia sukari kwenye chai.

Nikanyanyuka na kikombe, nikakiweka chini ya ile picha.

"Karibu, mke mwenzangu," nikamwambia. "Yako hii."