Sikio la Kulia

Saa nane na dakika kumi na tisa mchana, Jumanne, simu ya Hildegarda iliita kwa mara ya nne na mara hiyo akapokea, maana tatu za kwanza aliziangalia tu zikiita na kukatika, jina la Jayesh kwenye kioo, na baba yake Jayesh pale chini sakafuni akiziangalia naye, kwa macho tu, kwa sababu kingine chochote katika mwili ule kilishakataa siku kumi na moja zilizopita, kiharusi, mguu, mkono, ulimi, vyote... Dada Hilda, shikamoo, niko Mikumi, lori la mbao limelala barabarani kabla ya njia panda ya Kilosa, hapiti mtu, baba anaendeleaje, na yeye akasema marahaba, yupo, hakuongeza, yupo ni neno la kweli, halimdanganyi mtu, asubuhi Damiano wa zahanati alisema huyu mzee jioni haioni, mama, tumshushe, si ndivyo wanavyotaka Wahindi wenyewe, afe amegusa ardhi, wakamtoa kitandani, Damiano kashika miguu, yeye kichwa, na kichwa kilikuwa chepesi, miaka thelathini na moja ya kupika, kufua na kupiga deki ndani ya nyumba hii na hakujua kwamba kichwa cha Mzee Mansukhlal ni chepesi, na nyuma ya Jayesh kuna mtu anauza korosho, bosi chukua hizi, kwa foleni hii leo unalala na simba, kaka niache, baba yangu anakufa, oo, pole sana bosi, basi chukua hata maji, na Hildegarda akauma mdomo asicheke.

Dada, sitawahi, alisema Jayesh, nisikilize vizuri, kuna neno anatakiwa aondoke nalo, sijui kama umewahi kulisikia... kama amewahi kulisikia. Alilisikia kabla Jayesh hajalielewa, barazani, yeye akipepeta mchele, mzee akimfundisha mwanawe kwa Kiswahili kwa sababu Kigujarati cha mtoto kilikuwa cha kuchechemea, kwamba Om ilikuwepo kabla ya maneno yote, yaliyopita, yaliyopo na yajayo yote yamo mle ndani, inafunguka kooni kwa a, huyo ni mtu aliye macho, inaviringika kwa u, huyo ni mtu anayeota, midomo inafunga kwa m, huyo amelala usingizi usio na ndoto, na kile kinachobaki midomo ikishafunga hakina jina, hicho ndicho Mungu mwenyewe, na anayeutoka mwili akiwa na sauti hiyo harudi tena duniani, amefika, ila anayeondoka bila hiyo atarudi, atazaliwa popote atakapotupwa, mbwa, punda, mfanyakazi wa ndani. Alisema mfanyakazi wa ndani. Alisema akiangalia mchele, si yeye aliyeushika, na mtoto akacheka.

Na mwaka wake wa pili wa kazi Om ilimtoka yeye mwenyewe, anakanda unga, midomo imefunga, mmm, hakuiba, sauti ikikaa kwenye nyumba inakukaa na wewe, mzee akaingia jikoni, akamwambia asukutue kwa maji ya chumvi, akamwambia aoshe vyombo vyote upya, hata vile vilivyokuwa kabatini, hiyo si ya kinywa chako, alisema, hakupaza sauti, hajawahi kupaza sauti, na wiki moja ya Divali, taarifa ilipofika kutoka kwao Kidete kwamba mama yake Hilda yu mahututi na anamwita, hakupaza sauti vilevile, ngoja wageni waondoke. Siku nne. Optatus, kaka yake, alimwelezea pale pale kaburini, udongo bado mbichi, alikuwa anakuita, Hilda, kila aliyeingia anauliza ndiye Hilda, tukaona tumdanganye, tukamwambia ndiye, akamshika yule mtu mkono akasema hapana, sauti siyo... na aliporudi Kilosa na kitambaa cha msiba kichwani mzee alikuwa anakunywa chai, akasema, ungemwambia nini mama yako? Nyinyi hamna neno la kufia. Kisha akaangalia bakuli la sukari, maana hakuwa mtu wa kuomba kitu, alikiangalia tu, sukari, chumvi, fimbo, na yeye alikuwa anakileta.

Dada, unanisikia, weka simu sikioni kwake, nitalisema mimi, la kulia, dada, kwetu ni sikio la kulia, tafadhali usikosee, na Hildegarda akasema haya, akapiga magoti, akaiweka simu kwenye sikio la kushoto. Mkono ulikwenda wenyewe, hapana, haukwenda wenyewe, mkono alikuwa nao yeye. Sikio la kushoto la mzee lilikufa kwenye mashine ya mkonge kule Kimamba, miaka kumi na saba alisimama upande ule, Jayesh anajua tu kwamba baba hasikii vizuri, alipelekwa Iringa kwa baba yake mdogo akiwa na miaka kumi na miwili, angejuaje, anayejua ni aliyekuwa akimwita kula kila siku na kuzunguka kwanza upande wa pili.

Om, ilianza Mikumi, ndogo, kama nyuki ndani ya chupa, na yeye akaibana simu isivuje. Om. Macho ya mzee yalikwenda kulia. Yakarudi kwake, yakaenda tena kulia, vile vile kama kwenye chumvi, na kwa mara ya kwanza yeye hakuleta. Rudi, alisema moyoni, rudi mzee, uzaliwe Kidete, nyumba ya pili kutoka reli, una miaka kumi na minne wanakufunga khanga unakwenda mjini kumfulia mtu, unasukutua kwa chumvi, unaambiwa ngoja wageni waondoke, rudi uone, utamu wa neno rudi ukamjaa kinywani, kisha ukakwama... kwa hiyo anaamini. Yeye, mwenye rozari shingoni, aliyebatizwa na kuolewa kanisani. Kama ile ni miguno tu ya Mhindi, mbona hahamishi simu, ingekuwa adabu tu, kama kumfunika mgonjwa blanketi, unahamisha, shubiri mbili, kuvuka pua, basi, anashindwa kwa sababu anajua inafungua, alijua tangu barazani, kwa hiyo hamnyimi mzee sauti, anamrudisha, kwa mkono huu, na wanaojua ni watatu, yeye, mzee, na kile kinachobaki midomo ikishafunga, ambacho hakina kushoto wala kulia na kimeona. Sasa macho yakaacha kwenda kulia. Yakatulia usoni kwake, na hilo mzee hakuwahi kulifanya, miaka yote aliangalia kilichokuwa mkononi mwake, mchele, ufagio, sahani, sasa anamwangalia yeye, anamjua ni nani, na ikamfurahisha, na ikamtisha kwamba imemfurahisha, bado kuna muda, kifua kinapanda, kinashuka, mtoto wa watu analia kule barabarani katikati ya mmm, mama naye alishika mkono akasema sauti siyo...

Dada, nimemaliza, alisema Jayesh, bado kwenye sikio lile la kushoto, akapenga kamasi. Amesikia?

Saa nane na dakika ishirini na sita Jayesh aliuliza kama arudie. Hildegarda alimwambia hapana, baba amesikia.