Kibonge wa Darajani

Fundi wa redio alijisifu kwamba tangu aanze kazi hakijatokea kifaa cha kumshinda. Vilivyomshinda alivisukumia chini ya meza, na wateja hawana tabia ya kuinama.

Siku hiyo Mama Cherehani, mjane aliyeshona sare za shule duka la tatu kutoka la fundi, aliingia amekumbatia mashine ya gemu kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Ilikuwa ya zamani, ile inayomeza kaseti nene, imegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara.

"Ya marehemu," alisema. Marehemu ni mwanawe wa pekee, aliyefariki miaka kumi na mmoja iliyopita. "Kila Ijumaa naiwasha. Kibonge wake, yule mtu wa ndani ya gemu, yupo palepale alipomwacha, juu ya daraja. Mimi simchezeshi, namtazama tu. Sasa picha inatetemeka, naona kama anataka kuniaga."

"Mama, magemu haya yamepitwa. Watu wake kwenye kioo ni vipande vipande, kama maharage yaliyomwagika. Nani wa leo atayavumilia dakika tano?"

"Sikuja kukuuliza umri wake. Unaweza ama huwezi?"

"Mimi?" Fundi akacheka. "Nenda kalale usingizi."

Mama alipoondoka, fundi alisafisha kutu iliyotetemesha picha, kisha akafungua kaseti. Ndani akakuta betri bapa, kama kifungo cha koti, imebaki pumzi mbili. Betri hiyo ndiyo iliyotunza kumbukumbu yote ya gemu. Kabla ya kuitoa ilibidi aunganishe umeme wa pembeni ili kumbukumbu isifutike, na fundi alilijua hilo. Aliwahi hata kumcheka mwenzake aliyelisahau. Lakini simu ililia, mkono ukatangulia akili, akaing'oa kama anavyong'oa betri za redio. Akaweka mpya, akawasha. Orodha ya safari zilizohifadhiwa ilikuwa tupu, nyeupe kama sanda.

Jasho lilimtoka mpaka kwenye soksi. Mtoto wa watu alikuwa amekufa mara ya pili, na safari hii muuaji anajulikana.

Akajiambia: anza mwanzo, umfikishe darajani, mama atajuaje? Kibonge ni Kibonge.

Basi kila mchana alifunga mlango, akaning'iniza kibao cha "Narudi sasa hivi". Siku ya kwanza Kibonge alikufa mara arobaini: akaumwa na nyuki, akaangukiwa na jiwe, akazama kwenye kidimbwi ambacho kuku angekivuka bila kulowa magoti. Binti yake fundi, muuguzi, alimletea chakula akamkuta anatukana kioo.

"Baba, si ulisema magemu ni takataka?"

"Nafanya majaribio."

"Majaribio gani yanakutoa machozi?"

Kweli, gemu lilikuwa limemkamata shati. Halikumweleza kitu, halikumwonyesha njia. Ukikosea unarudi nyuma, ukipatia unajiona mfalme. Kilichozeeka ni sanduku tu.

Siku ya tano ndipo mwili ulipoanza kumsisimka. Ndani ya pango njia iliishia ukutani. Fundi alikuwa bado anawaza, kidole gumba kikabonyeza chenyewe: chini, chini, ruka. Ukuta ukafunguka. Nani alimfundisha? Alivitazama vidole vyake kama vya kuazima.

Kibonge ana kawaida, ukimwacha kidogo hukaa chini akakukodolea macho. Alikaa. Ila hakumtazama fundi. Alitazama juu kidogo ya bega la kushoto la fundi, kama kuna mtu amesimama hapo anasubiri zamu.

Fundi hakugeuka. "Samahani, kijana," alinong'ona. "Nakurudisha kwenu."

Tangu hapo wimbo wa gemu ulimfuata nyumbani. Aliusikia kwenye birika, kwenye bomba linalovuja, kwenye pumzi za mkewe.

Siku ya tisa Kibonge alikanyaga daraja. Fundi akahifadhi, akazima, akamwita mwenye mali.

Mama Cherehani alikuja amevaa vizuri kama anayekwenda kuona wakwe. Picha ilikuwa imetulia. Kibonge alisimama darajani, upepo unapeperusha kofia yake. Mama akaweka kiganja kwenye kioo.

"Ni huyuhuyu?"

"Huyuhuyu, mama."

"Hukumgusa?"

"Nimguse wa nini? Alivyomwacha mwanao ndivyo alivyo. Hata unyayo hajainua."

Mama alibonyeza kitufe kimoja, pengine pekee alichokijua. Ukafunguka ukurasa wa safari: jina la Kibonge, na chini yake tarakimu ndogo ambazo fundi hakuwahi kuhangaika kuzisoma. Zilihesabu saa ambazo mchezaji amekaa naye.

Mama alizisoma. Akazisoma tena kwa kidole.

"Mwanangu alikaa hapa saa mia mbili na kumi na mbili," alisema. "Ndizo ninazozisoma kila Ijumaa. Hapa pameandikwa thelathini na tisa."

Fundi akakohoa. "Betri mpya, mama. Zikianza huwa... zinapunguza."

Mama akamgeukia. Hakupandisha sauti.

"Sawa, zimepunguza. Sasa hizi thelathini na tisa, baba, ni za nani?"