Kamati ya Kuitambua Injini

Siku vibarua walipobomoa paa la ghala kuukuu la manispaa, walikuta injini imekaa katikati ya kifusi, imejaa kinyesi cha popo. Ghala hilo lilikuwa limefungwa miaka ishirini na saba, tangu ukuta wake mmoja ulipopasuka na mkubwa fulani akaamuru kibao kitundikwe mlangoni: Hatari, Usiingie. Watu wakatii. Jamani, hakuna kitu kinachotiiwa duniani kama kibao.

Habari zilimkuta Fundi Pampu barazani kwake akitengeneza baiskeli ya jirani. Aliiweka spana chini, akaondoka bila hata kunawa mikono. Hana lawama. Zamani alikuwa mwendesha pampu ya maji ya mji mzima, na injini ya pampu ilipotoweka, yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo. Haikuhitajika hoja nyingine. Alilazwa mahabusu wiki mbili, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi, kisha akafukuzwa kazi, maana kufukuza hakuhitaji ushahidi. Tangu hapo akawa mwizi wa injini. Ukimwambia mtu kwamba chuma chenye uzito wa ng'ombe wawili hakitiwi kwapani, anakujibu lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumtupia neno, naye ni mkewe. Kila Fundi alipoanza kujitetea wakati wa kula, mama huyo alimsogezea bakuli na kumwambia, yamepita baba watoto, kula. Fundi alimpenda kwa hilo kuliko kwa lolote jingine. Walimwengu na waseme, alijiambia, nyumbani kwangu naaminika.

Alipofika ghalani alikuta kamati imekwisha kuundwa. Manispaa ile ikipata kitu isichokielewa huunda kamati, na ikianza kukielewa huunda kamati ndogo. Mhandisi, ambaye shati lake jeupe halijawahi kuonja grisi, aliitazama injini kwa mbali akasema ni ya kinu cha nafaka. Mwalimu wa Historia, aliyeitwa kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa cha kale, akasema la, hiyo ni injini ya meli. Mji huo hauna hata kijito cha kuoshea miguu, lakini walijadili saa nzima meli ilipitia wapi. Mwenyekiti alikuwa Karani wa Masijala, mama mtaratibu aliyekumbatia faili siku zote kama mwana mchanga.

Fundi akawaambia kwamba hiyo ni injini ya pampu. Wakatabasamu. Akaomba kitambaa na mafuta ya taa, akasugua ukingo wa gurudumu lake zito mpaka zikatokea nukta tatu alizozigonga mwenyewe kwa tindo, ili ajue pistoni imefika juu. Akawaonyesha tangi la maji ya kupozea, lenye ufa alioziba kwa shaba. Mwisho akakwangua kibati cha namba, akaisoma tarakimu moja moja huku Karani akifuatisha kwa kidole ndani ya faili. Zililingana zote. Moyo wa Fundi ulijaa, nusura alie mbele za watu.

Karani akalifunga faili.

"Namba ni ileile," alisema, "ila haiwezi kuwa yenyewe. Yenyewe iliibiwa. Imeandikwa hapa na muhuri umegongwa."

"Mama, imo ndani ya ghala lenu. Imeibiwaje?"

"Ndiyo sababu nasema haiwezi kuwa yenyewe, mzee wangu."

Mwalimu wa Historia akaongeza kwamba huenda kiwanda kilitengeneza mbili zenye namba moja, maana watu wa zamani walikuwa wakarimu. Mhandisi akapendekeza kamati ndogo.

Hapo Fundi alipandwa na hasira za miaka ishirini na saba. Aliwaambia kama macho yao hayaoni, basi ataitambulisha kwa masikio. Kesho yake alirudi na vifaa vyake. Siku tisa alishinda kifusini akiilowesha pistoni kwa mafuta mpaka ikaachia, akafungua nozeli ya kupulizia mafuta na kuisafisha, akatoa viota vya panya kwenye bomba la moshi. Siku ya kumi, watu wamejaa, akachomeka hendeli ya kuiwashia. Injini ile ilikuwa na kiburi chake: ilitaka kwanza uirudishe kinyume nusu mzunguko, ndipo uizungushe mbele kwa nguvu. Akafanya hivyo. Ikakohoa mara mbili, ikatema moshi mweusi juu ya shati la Mhandisi, ikanguruma.

Wenye umri wao waliujua mlio huo, kwani ndio uliokuwa ukiwaamsha alfajiri wakakinge maji. Muuza mkaa, bibi asiyeogopa mtu, akasema kwa sauti, "Ndiyo hiyohiyo." Wengine wakaitikia. Kamati ikakosa pa kujificha, ikakiri.

Likabaki swali la imefikaje humo. Sasa ikajulikana kwamba mtunza ghala wa zamani aliihamisha ipakwe rangi, mara ukuta ukapasuka na ghala likafungwa nayo ndani. Lakini mtunza ghala ni marehemu, marehemu hahojiwi, na manispaa haiwezi kuandika kwamba ilijiibia yenyewe. Karani akachomoa fomu ya kufungia kesi ya wizi. Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu: Haijapatikana, na Imerejeshwa. Akatia alama pale penye Imerejeshwa. Mstari uliofuata uliuliza: Na nani? Ndani ya faili zima kulikuwa na jina la mtu mmoja.

Ijumaa wakamwita kwenye sherehe. Mhandisi, kwa shati jipya, akamkabidhi cheti cha shukrani kwa moyo wake wa uzalendo wa kurejesha mali ya umma. Watu walipiga makofi kwa dhati, maana mji ule una roho nzuri na husamehe. Fundi akajaribu kusema hakuirejesha kwa kuwa hakuichukua, lakini kipaza sauti kilikuwa kimekwenda kwa Mwalimu wa Historia. Karani akamshika mkono kwa upole, akamwambia faili limefungwa, ashukuru.

Alirudi nyumbani, cheti amekikunja mfukoni. Mkewe alikitoa, akakinyoosha juu ya meza, akakisoma mara mbili bila haraka. Machozi yakamlenga. Fundi akangoja, maana kama kuna mtu wa kukichana cheti kile basi ni huyu.

"Mungu mkubwa," alisema mkewe. "Miaka yote hii nilikuwa naomba, baba watoto. Nilijua tu ipo siku utairudisha."

Fundi Pampu akatafuta mahali pa kukaa.