Kikonyo Kilichokwisha Kuchanua

Datius hajawahi kukutana na kitu asichokijua, na ndiyo maana Kokuhirwa alikuwa hamwezi. Shemeji yake huyo wa Maruku, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa na kibanja kizuri cha migomba, hilo halina ubishi. Lakini mtu akivuna mikungu mikubwa, ati ndiyo awe mtaalamu wa kila chenye jani?

Siku hiyo aliingia nyumbani kwa Kokuhirwa, Buhembe, akajitupa kwenye kochi na kuanza kutafuna punje za kahawa alizokaribishwa. Macho yakatua dirishani, kwenye mmea wa kutambaa uliozungushwa kwenye waya.

"Ndiyo zawadi ya yule fundi cherehani wa Muleba?"

"Ndiyo. Unaitwa hoya."

"Oya?" Datius akacheka mpaka kahawa ikampalia. "Yaani mmea unaitwa kama konda anavyoita abiria?"

Kokuhirwa alimwacha acheke. Utamweleza nini mtu kama huyo? Karugendo, fundi huyo aliyekuwa mgane, alimletea mmea ule ukiwa kipande tu kwenye kopo la rangi. Mwaka jana ukatoa kishada cha nyota nyeupe, zinang'aa utadhani zimepakwa nta, na jioni harufu ikajaa sebule nzima. Siku hiyo ndipo Karugendo alipomwomba waoane. Kokuhirwa akaona aibu. Mwanamke mwenye wajukuu, watu watasemaje? Akamjibu, "Ukichanua tena, nitakupa jibu."

Tangu hapo akawa anaulea kama mtoto mchanga. Aliumwagilia udongo ukishakauka, hakuuondoa kwenye mwanga, wala hakuubadilishia chungu, maana hoya hupenda kubanwa. Na wiki hii, kwenye kikonyo kile kile kilichobeba kishada cha mwaka jana, vitumba vilianza kutokeza, vidogo kama punje za ulezi. Jibu lenyewe alikuwa nalo siku nyingi. Alikuwa anasubiri ua limpe ruhusa.

Akaenda jikoni kuchukua chai. Aliporudi, Datius alikuwa amesimama dirishani na kisu mkononi, vikonyo vimelala sakafuni.

"Nimekusafishia," akasema, kifua mbele. "Ulikuwa unafuga vijiti vitupu, havina hata jani. Hivyo vilishatoa maua, vimemaliza kazi. Ni kama mgomba tu. Ukishazaa unaukata, unawapisha watoto."

Kokuhirwa akaweka birika mezani. "Shemeji, hoya si mgomba. Huchanua pale pale palipochanua. Ukikata kikonyo, umekata maua."

"Acha hizo. Hakuna cha kuzaa mara mbili." Akafuta kisu kwenye suruali, akarudi kukaa. "Na hilo ndilo lililonileta. Tumesikia huyo fundi anataka kukuoa. Kwa umri huo, shemeji? Umezaa, umelea, umemaliza. Wapishe watoto."

Kumbe. Kokuhirwa alishikwa na hasira, kisha hasira ikaisha na kuacha dharau tupu. Huyu ndiye aliyekuwa anamwogopa? Mwaka mzima amemsubirisha mwanamume mwema kwa kuogopa mdomo wa mtu asiyejua tofauti ya ua na ndizi!

Akaokota kikonyo kimoja, bado kinatoa maziwa, vitumba vimekishikilia. Akachukua simu, akapiga pale pale, akaweka spika Datius asikie.

"Karugendo, hoya imekatwa. Haitachanua mwaka huu."

"Basi nimeelewa," sauti ya Karugendo ikajibu kinyonge.

"Hujaelewa. Nimekubali. Jumamosi njoo na ndugu zako mjitambulishe. Shemeji yangu Datius yupo hapa, ndiye atakayewapokea."

Karugendo akashukuru. Datius naye alikuwa ametoa macho, kahawa imemganda mdomoni. Kokuhirwa akakata simu, akammiminia chai, akamsogezea kikombe.

"Kunywa, shemeji," akasema. "Halafu uniokotee vijiti vyangu hapo sakafuni."