Saa ya Mwalimu Muthamia

Nina saa kumi na nne za mkono, zile za zamani za kutia ufunguo, zenye vitufe viwili pembeni vya kupimia mbio. Hakuna wa kunifundisha saa. Ndivyo nilivyojiona nilipofika Nkubu kununua ya marehemu Mwalimu Muthamia, aliyetufunza riadha.

Mjane wake, Mama Kinya, aliniwekea mkononi. Bila kuuliza, nikabonyeza kitufe cha chini. Mshale wa mbio uliokuwa umesimama ukaruka hadi sifuri.

“Iko sawa kabisa!” nikasema.

Mama akashika meza. “Mshale ulisimama pale ulipokuwa siku mwanetu Kinya aliposhinda mita mia nane uwanjani Kinoru. Dakika mbili, sekunde kumi na moja. Mwaka uliofuata tukamzika. Mwalimu hakuugusa tena.”

Nilitamani kujizaba kofi. Mjuzi gani mimi!

“Nitaurudisha, Mama,” nikasema, nikabonyeza kitufe cha juu.

Tukauinamia ule mshale ukizunguka. Dakika ya pili ilipokaribia kuisha, Mama akaanza kunong’ona, kisha akapiga makofi: “Kimbia, Kinya! Kimbia!”

Sekunde ya kumi na moja ikafika, kidole changu kikiwa juu ya kitufe.

Sikuweza kumsimamisha.