Ukuta wa Usaili

Binti kitinda mimba alikuwa ametimiza miezi tisa hana kazi, tangu ghala alimokuwa karani lifungwe. Sasa ameitwa usaili wa mtandaoni, na nyumba nzima ikajifunga kibwebwe kana kwamba anaozwa.

Mama alimfanyisha mazoezi siku nne: kaa wima, itazame kamera, usijikune. Baba, fundi seremala asiyejua kufanya jambo kidogo, aliutazama ukuta wa sebule uliobambuka rangi, akasonya, akaenda kutafuta mbao. Kufikia Jumatano sebule ilikuwa na ukuta mbele ya ukuta: rafu ndefu iliyosheheni vitabu vya kila rangi. Vitabu vyenyewe vilikuwa migongo tu, imechongwa kwenye ubao mmoja. Misumari hakupiga, maana nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba ana maneno. Basi kaka mkubwa akapewa zamu ya kuushika kwa nyuma, na wifi zamu ya kumfuta jasho.

Saa nne kamili msaili akatokea kwenye kompyuta, tai shingoni, macho ya mtu aliyekosa usingizi. Maswali matatu ya kwanza binti aliyajibu bila kigugumizi. Kazi hii aliitaka jamani, alichoka kuulizwa na kila jirani, "Vipi, bado?"

"Naona wewe ni msomaji," msaili akasema. "Hebu chukua kile chekundu, unisomee mstari wowote."

Mama, aliyejibanza nyuma ya kompyuta, akafumba macho. Binti akainuka, akakishika kile chekundu, akavuta kwa adabu. Kikagoma. Akavuta tena. Kaka kule nyuma, akidhani ukuta unaanguka, akavuta upande wake. Wakavutana hivyo mpaka maktaba nzima ikaja chini, puu! Kaka akabaki wima, mikono juu, wifi kamwekea taulo kipajini.

"Habari za kazi," kaka akamsalimu msaili.

Binti akatamani ardhi ipasuke immeze.

Msaili akasogelea kamera. "Huo ukuta nani kautengeneza?"

"Baba."

"Dada, nisikufiche." Akashusha sauti. "Nafasi hii keshapewa mpwa wa meneja. Mimi nimeambiwa nimalizie tu kuwahoji walioitwa."

Ilimuuma binti, tena sana. Machozi yakamlengalenga.

"Lakini Ijumaa na mimi nina usaili kwingine, huku huku mtandaoni. Nikipita, kiti changu kitabaki wazi, na wa kupendekeza mtu ni mimi."

Baba, aliyejibanza kando ya Mama, akachomoa futi mfukoni. "Hapo nyuma yako pana upana gani?"

Mama alikuwa keshajipenyeza mbele ya kamera. "Mwanangu, hiyo tai imekukaba, ilegeze. Haya, tuambie: kwa nini unataka kuacha kazi uliyo nayo?"

Msaili akaanza kujikanyaga.

"Anza upya," binti akasema, akifuta macho na kuvuta kiti. "Kwa jibu hilo hawakuchukui."